Njaa ya Mama Keza

Upande wa Bugarama, ambako milima ya Ngara inaanza kutazamana na milima ya Burundi, kuna kigango kidogo cha Mtakatifu Monika, na katika kigango hicho hapakuwa na maiti iliyozikwa bila Deodata kuwapo. Mgonjwa akizidiwa, watu walimwita yeye kabla hawajamwita katekista. Alizijua sala za kumsindikiza mtu kwa Kihangaza na kwa Kiswahili, na alikuwa na sauti nzito isiyo na haraka, iliyomfanya hata anayekata roho aache kuhangaika. Vitambaa vya altare alifua yeye na kuvipiga pasi ya mkaa. Watoto wa mafundisho aliwafundisha nyimbo yeye. Paa la kanisa lilipooza, miti ya kupaulia ilitoka shambani kwake, ikabebwa na mumewe begani.

Ila padre alipokuja kusoma misa, na watu wakasimama kwenda kupokea komunyo, Deodata alibaki kwenye benchi. Alisogeza magoti pembeni ili wengine wapite, akainamisha kichwa, akangoja. Kando yake mumewe, Ndikumana, alikaa vile vile. Watoto walikwisha kuzoea. Walisema, "Mama Keza hali," kama mtu anavyosema kwamba jirani yake hali samaki.

Deodata alikuwa binti wa mzee Thobias, mmoja wa watu waliofyatua matofali ya kanisa lile. Ndikumana alivuka mpaka mwaka tisini na tatu, Oktoba ile ya vita, akiwa na nguo alizovaa tu. Alikaa kambini kwa muda, kisha akaanza kutoka kutafuta kibarua, na kibarua kikampeleka kwenye kahawa ya mzee Thobias. Alikuwa mpole, mwepesi wa kazi, na kila asubuhi ya ukungu alikohoa mpaka jua litoke. Deodata ndiye aliyempelekea chakula shambani. Baada ya misimu kadhaa hakuwa akimpelekea chakula tu, alikuwa akikaa mpaka amalize kula.

Ndikumana hakuficha kitu. Alipokwenda kuposa, alimwambia mzee Thobias yote.

"Mzee, nina mke. Nilikuwa naye. Anaitwa Aline. Tulifunga ndoa kanisani kule kwetu Muyinga baada ya Pasaka, na Oktoba vita vikatutenganisha njiani. Watu walikimbia huku, wengine wakakimbilia kule. Sijui kama yu hai."

"Basi mimi sina binti wa kukuoza," alijibu mzee Thobias. "Mtafute kwanza."

Akamtafuta. Aliuliza kambi moja baada ya nyingine. Aliwauliza waliotoka Rwanda na waliotoka Burundi, wauza chumvi wa mpakani, masista, madereva. Hakuna aliyejua. Miaka ikapita, Deodata akawakataa wachumba waliokuja kwa baba yake, na mwisho akachukua nguo zake na mkeka wake akahamia kwa Ndikumana, bila shela wala kengele ya kanisa.

Mzee Thobias hakukanyaga kwa binti yake mpaka Keza alipozaliwa. Siku hiyo alikuja na kibuyu cha maziwa, akampakata mjukuu, akatokwa machozi, akaaga. Hakusema neno kuhusu ndoa mpaka alipokufa. Kwenye misa ya mazishi yake Deodata aliimba zaburi, na sauti haikumkatika hata mara moja. Lakini ilipofika komunyo, ndugu zake wote, mmoja baada ya mwingine, walipita mbele ya magoti yake kwenda kumpokea Bwana kwa ajili ya baba yao, yeye akabaki ameshika ubao wa benchi. Hapo ndipo alipojua kuwa ile njaa aliyodhani ataizoea haizoeleki.

Kila paroko aliyekuja walimwendea, na kila mmoja aliwajibu yale yale, tena wakiwa wamesimama kwenye mlango wa sakristia, yeye akikunja mavazi ya misa. "Leteni uthibitisho kwamba yule wa kwanza amefariki."

"Na tukiukosa, baba?"

"Basi salini."

Wakasali.

*

Ukaja mwaka wa Sinodi. Maelekezo yalitoka Roma mpaka jimboni, jimboni mpaka parokiani, na kutoka parokiani yakapanda mlima mpaka Mtakatifu Monika, yakiletwa na paroko mpya, Padre Nshoma, Mzinza wa upande wa Biharamulo, kijana bado lakini mwenye mvi chache zilizomjia mapema. Alisimama mbele ya waumini akawaambia, "Safari hii hatuwaulizi mmetoa nini. Tunawauliza mnasema nini. Kila jumuiya ikae, isikilizane, na yatakayosemwa yaletwe parokiani."

Watu walitazamana. Halijawahi kutokea jambo kama hilo.

Jumuiya yao ilikutana kwa Bonifasia, mama mmoja mcheshi ambaye mumewe alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu Geita na kutuma salamu mpaka zikakoma. Walikaa kwenye mikeka na viti vya kuazima. Aliyeongoza ni katekista Anatory, ambaye kila mtu alimwita Mwalimu. Alikuwa mtu mwenye msimamo, na alistahili heshima yake: kwa miaka mingi, Jumapili zote ambazo padre hakufika, yeye ndiye aliyewasomea watu Neno, jua kali au mvua.

Anatory akasoma swali. "Ni nani anayetembea pamoja nasi, lakini ameachwa nyuma?"

Mmoja akasema vijana. Mwingine akasema walevi. Mzee Shibuda, Msukuma aliyekuja na ng'ombe wake zamani na kukataa kuondoka tena, akasema, "Sisi sote tumeachwa. Padre anakuja mara moja, halafu tunamngoja mpaka tunamsahau sura. Komunyo kwetu ni kama mvua ya kiangazi." Watu wakacheka, lakini wakaitikia kwamba ni kweli.

Kicheko kilipokwisha, Deodata akasema, "Mimi."

Anatory aliinua macho. "Wewe nini, mama Keza?"

"Umeuliza ni nani ameachwa nyuma. Nasema ni mimi. Na baba Keza huyu hapa."

"Hakuna aliyekuacha. Unasali nasi, unaimba nasi. Mlango uko wazi."

"Mlango uko wazi, Mwalimu, ila chakula sijala tangu nilipokuwa msichana."

Bonifasia alijifunika uso kwa kanga. Ndikumana alitazama chini. Anatory akasema kwa upole, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, "Sheria ya ndoa haikutungwa na mimi wala na padre. Hilo si la kujadiliwa kwenye jumuiya."

"Basi lijadiliwe wapi?" aliuliza Deodata. Anatory akafunga kikao kwa sala.

Deodata alirudi nyumbani akiwa mwepesi, kama mtu aliyetua kuni. Alikuwa amesema. Neno lake sasa litashuka mlima, lifike parokiani, na kutoka parokiani nani ajuaye litakwenda mpaka wapi. Kwa majuma kadhaa aliishi na wazo hilo. Alipokuwa akipalilia maharage alikuwa akilisikia neno lake likisomwa kwenye chumba kikubwa, na watu wageni wakinyamaza kulisikiliza.

Siku ya mkutano wa parokia alikwenda na akina mama wenzake wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki. Vigango viliitwa kimoja kimoja. Zamu ya Mtakatifu Monika ilipofika, Anatory alisimama akasema, "Sisi tunaomba misa mara nyingi zaidi, tunaomba msaada wa bati, na vijana wahimizwe kusali." Akakaa.

Deodata alikuwa amengoja kama anavyongoja mtu jina lake liitwe hospitali, na sasa dirisha limefungwa. Alijikuta amesimama.

"Mwalimu, umesahau neno moja."

"Sikulisahau, mama Keza. Niliona si la kulileta mbele ya watu."

"Basi nililete mwenyewe."

Akasema, kwa maneno machache, habari ya mume wake na Aline na mlango wa sakristia. Sauti ya mwanamume mmoja ikatoka nyuma, "Huyu anataka kutufanya walokole!" na watu wakaangua kicheko. Padre Nshoma hakucheka.

"Mama, unataka nini hasa?"

"Baba, sikuja kuomba sheria ivunjwe. Sheria siijui, sikuisomea. Nataka mtu wa Kanisa aje kwetu, akae, anywe maji, atuulize ilikuwaje. Tangu niwe na mume huyu tumepewa majibu tukiwa tumesimama. Hakuna aliyewahi kukaa."

Padre Nshoma akaitikia kwa kichwa polepole. "Nitakuja," alisema.

*

Neno lile halikumpita hivi hivi. Halmashauri ya walei ya kigango ilikaa, ikaona si vizuri mama aliyelumbana na katekista mbele ya parokia nzima aendelee kufundisha watoto, "mpaka mambo yake yanyooke." Aliyemletea habari ni Bonifasia, akilia kwa hasira kuliko Deodata mwenyewe. Tangu hapo, Jumamosi mchana, Deodata akiwa kwenye migomba yake, aliwasikia watoto wakiimba kanisani ng'ambo ya bonde. Walikuwa wakiuvuta wimbo wa matoleo kupita kiasi. Alitamani kwenda kuwaambia tu, fungeni pumzi hapa, inueni hapa. Alisimama na jembe mkononi, akiimba sehemu yake kwa sauti ya chini.

Padre Nshoma alikuja kweli. Aliacha pikipiki yake barabarani akapanda kwa miguu, akawapa "Tumsifu Yesu Kristo" mlangoni, akakaa kwenye kiti cha miguu mitatu, akanywa maji, na baadaye akala ndizi na maharage. Aliuliza na kunyamaza, akauliza tena. Ndikumana, ambaye kwa kawaida maneno yake yangehesabika, alizungumza mpaka kivuli cha nyumba kikafika kwenye kahawa.

"Watu wa mlima wenu kule Muyinga," aliuliza padre, "hakuna hata mmoja aliyeishia huku?"

"Kuna mama mmoja, Kanyange. Nilisikia yuko Nyantakara, huko Biharamulo. Lakini nilisikia zamani."

"Nendeni mkamwone. Kama anajua Aline alifia wapi, na akapatikana mwingine wa kumuunga mkono, tunaweza kuanza."

Wakaenda. Walipata gari mpaka Nyakanazi, kisha bodaboda ikawaingiza ndani, kwenye tambarare ya mahindi na mihogo isiyo na milima ya kumficha mtu. Ndikumana alikuwa amevaa shati lake la sikukuu. Deodata njiani alikuwa akisali rozari ndani ya mkoba, vidole vyake vikipita kwenye punje, wala hakuwaza alichokuwa akikiomba.

Kanyange walimkuta anapepeta mahindi. Alikuwa mzee mwenye macho yaliyofifia, lakini Ndikumana alipomsalimu "Amahoro," aliweka ungo chini.

"Sauti hiyo ni ya kwa Ntwari."

"Ni mimi, mama. Ndikumana wa Ntwari. Shikamoo."

Kanyange alimkumbatia, akalia, akacheka, akaita majirani zake waje waone mfu. Walipokwisha kutulia na kupewa togwa, Ndikumana aliuliza lile lililomleta.

"Aline?" Kanyange alisema, kama mtu aliyeulizwa habari ya jirani. "Nilimwona kwenye msiba wa dada yangu, mvua zilizopita. Yuko kule kule Muyinga. Alikimbilia Rwanda, akarudi, akapata mwanamume, ana wajukuu sasa."

Kuku walikuwa wakidonoa mahindi yaliyomwagika.

"Yeye anadhani wewe umekufa," aliendelea Kanyange, "lakini hana wa kumthibitishia. Padre wao anamwambia alete ushahidi. Maskini, kila Jumapili anakaa tu kwenye benchi, wenzake wanakwenda kupokea."

Ndipo rozari ikamwanguka Deodata. Miaka yote hiyo alikuwa ameomba mlango ufunguke, wala hakuwahi kujiuliza ungefunguliwa na nini. Sasa aliona. Asubuhi na jioni, kwa imani yote, bila kulitamka hata mara moja, alikuwa amemwomba Mungu mwanamke mwingine awe amekufa. Na mwanamke huyo alikuwa amekaa kwenye benchi kama lake, na pengine alikuwa akiomba vivyo hivyo juu ya Ndikumana.

"Mama," Deodata alimwambia Kanyange, "unayo namba yake?"

*

Ndikumana hakutaka namba ile ipigwe. Waliporudi Bugarama alishinda kwenye kahawa akipogoa matawi aliyokwisha kuyapogoa. Padre Nshoma alipopata habari alikuja tena, akakaa kwenye kiti kile kile, akasema ukweli bila kuuzungusha: njia ya kifo imefungwa. Imebaki kuuliza jambo lingine.

"Siku ya ndoa ile, mlikubali wote wawili kwa hiari? Maana kama mmoja alilazimishwa, mahakama ya Kanisa jimboni inaweza kuchunguza kama ndoa ilikuwapo tangu mwanzo. Ikionekana haikuwapo, mko huru ninyi, na yeye yuko huru."

"Mimi nilikubali," alisema Ndikumana.

"Na yeye?"

Ndikumana aliinuka akatoka nje.

Basi Deodata alipiga simu peke yake, amekaa kwenye jiwe la kusagia nyuma ya nyumba. Mwanamke akaitika kwa Kirundi. Deodata akamjibu kwa Kihangaza, kwa kuwa lugha hizo mbili zimenyonya ziwa moja, na kila mmoja aliweza kubaki kwao na bado akaeleweka.

"Mimi naitwa Deodata. Niko Ngara. Naishi na Ndikumana wa Ntwari."

Kisha sauti ikauliza, "Bado anakohoa asubuhi?"

"Anakohoa."

"Hata kukiwa na jua?"

"Hata kukiwa na jua."

Mwanamke yule akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio, na Deodata akajikuta naye analia, huku akishangaa kwamba hana wivu hata kidogo. Alikuwa ameutafuta moyoni akaukosa.

"Basi wewe ni mukeba wangu," alisema Aline alipopata pumzi. Mukeba ni mke mwenza. Wakacheka tena.

Deodata akamweleza yote, mpaka swali la padre. Aline alisikiliza.

"Nililia," alisema baadaye. "Nililia kutoka kwetu mpaka altareni. Watu wakasema, ndivyo anavyotakiwa kulia bibi harusi, amelelewa vizuri. Nilikuwa binti mdogo. Baba alikuwa amesema nikikataa, tutafukuzwa mimi na mama yangu wote wawili. Padre aliponiuliza, nilimtazama mama, nikasema ndiyo."

"Pole, ndugu yangu."

"Mwambie hakuwa mbaya. Hakunipiga, hakunitukana. Hakujua. Nani angejua, wakati mabibi harusi wote wanalia? Hayo nitayasema kwa padre wetu huku. Nikiitwa, nitayasema mbele ya yeyote. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Jioni ile Deodata alimrudishia Ndikumana maneno hayo, neno kwa neno, bila kupunguza. Alimwona akiyapokea kama mtu anayepokea mzigo akiwa kwenye utelezi.

"Nilidhani ni machozi ya desturi," alisema. Akakaa. "Tangu Pasaka mpaka Oktoba, kila nilipoingia ndani alikuwa akiinuka, kama mgeni. Nikasema atazoea." Kisha akaongeza, "Miaka yote nimekaa kama mtu aliyeporwa mke. Kumbe nilipewa kitu ambacho mwenyewe hakukitoa."

Deodata alimshika mkono. Hawakuwa watu wa kushikana mikono mchana.

Wiki iliyofuata Ndikumana alishuka mwenyewe mpaka parokiani kutoa maelezo yake. Alirudi amechoka, na akalala usingizi ambao Deodata hakuwa amemwona akiulala kwa siku nyingi.

*

Shauri lao lilipelekwa jimboni, na la Aline likapokelewa upande wake. Padre Nshoma aliwaonya wasihesabu miezi. Mashahidi wa ndoa ile wengi wamekufa, wengine wametawanyika, na mahakama zilizo pande mbili za mpaka haziandikiani haraka.

Lakini kule juu mlimani mambo mengine yalikwisha kuanza kutikisika. Padre Nshoma sasa akija kusoma misa haondoki moja kwa moja. Anavua mavazi, anakaa kwenye benchi la kwanza akiwa amewageukia watu, na anayetaka kusema anasema. Mara ya kwanza walikaa wachache tu, na Shibuda akarudia habari ya mvua ya kiangazi. Mara ya pili Bonifasia alisimama, akasema juu ya mumewe wa Geita, bila utani, huku akizungusha pindo la kanga kidoleni. Wapo wanaokerwa. Wapo wanaosema kanisa limegeuzwa baraza la kata. Wanaondoka baada ya baraka, nao hawazuiliwi.

Halafu ukaja mkutano wa dekania, unaokusanya parokia kadhaa, na Anatory ndiye aliyetumwa tena. Deodata hakwenda, hakuwa na nguvu ya kusimama mara ya pili. Shibuda ndiye aliyekuwapo, akaja kumsimulia, ameegemea fimbo yake mlangoni.

"Mwalimu alisimama," alisema, "akasema, 'Kwetu kuna mama anasema hajala tangu usichana wake. Anasema hakuna mtu wa Kanisa aliyewahi kukaa naye. Anasema haombi sheria ivunjwe, anaomba kusikilizwa.' Halafu akasema, 'Mimi katika hili sikubaliani naye katika yote, na nimemwambia. Ila hivyo ndivyo alivyosema.' Akakaa."

"Alisema yote?"

"Yote. Hata lile la maji ya kunywa."

Jumapili iliyofuata Deodata alimkuta Anatory akifungua madirisha ya kanisa. "Asante, Mwalimu," alimwambia.

Anatory aliendelea na komeo lililokuwa gumu. "Nilikosea mara ya kwanza," alisema bila kugeuka. "Neno la mtu si la kupunguzwa njiani." Kisha, kama aliyekumbuka jambo dogo, "Watoto wanauharibu wimbo wa matoleo. Jumamosi uje."

Akaenda. Watoto walikuwa wamekua, wengine hakuwajua. Walichukua muda kumrudia.

Mwaka umegeuka tangu hapo na jibu halijaja. Keza ameandika kutoka Biharamulo mjini, anakouguza wagonjwa, kwamba amepata mchumba na wanataka kufunga ndoa baada ya mavuno, na Deodata amekuwa akijiuliza kama yeye na Ndikumana siku hiyo watasimama au watakaa. Mumewe hapendi kulizungumza. Kila padre akija, anamtazama usoni akiwa mbali bado, kujua kama amebeba habari.

Anayelizungumza naye ni Aline. Wanapigiana Jumapili mchana, baada ya vyombo.

"Limekuja?" anauliza mmoja.

"Bado. Kwenu?"

"Bado."

Basi wanaongea juu ya mvua, bei ya maharage mpakani, magoti. Jumapili moja, mwanzoni mwa masika, Aline aliuliza, "Mukeba, unaikumbuka ladha ya komunyo?"

Deodata alifikiri. Alikuwa na aibu kulikiri. "Siikumbuki. Najaribu, lakini siikumbuki."

"Ilikuwa kama karatasi. Haina chumvi. Inagandamana na kaakaa, na masista walitukataza kuitoa kwa kidole."

"Ndiyo," alisema Deodata taratibu. "Inagandamana na kaakaa."

Wakanyamaza wote wawili, mmoja Ngara na mwingine Muyinga, kila mmoja ameubana ulimi juu, simu ikiwa sikioni.